Hata Tingatinga Alibebwa

Kuna msemo huku kwetu ambao ukiusema ukiwa umeketi kwenye kiti changu cha saluni, nitakupaka dawa ya nywele na kujifanya nimesahau kukuosha. Msemo wenyewe ni huu: hata Tingatinga alibebwa. Makocha wa mpira huwaambia vijana wao wanapokwenda kucheza na timu kubwa. Wahubiri huusema wakishamtaja Goliathi. Pale Landless, Thika, umeandikwa kwenye mkokoteni wa maji, na juu yake amechorwa mtu mwembamba aliyeinua mtu mkubwa kama gunia la viazi. Huyo mtu mkubwa ni baba yangu.

Anaitwa Gachau. Zamani alikuwa mwanamieleka wa kulipwa, na Tingatinga lilikuwa jina lake la ulingoni, kwa sababu yeye alisukuma wenzake na hakuna aliyemsukuma. Hakuwahi kuinuliwa kutoka chini hadi Jumamosi moja kule Thika, alipokutana na Nicanor, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, ambaye ulingoni aliitwa Spana. Nicanor alimwinua juu ya kichwa, akambwaga, akamlalia, na refa akahesabu hadi tatu. Nilikuwa darasa la sita, nimeketi mbele kabisa. Kabla refa hajamaliza kuhesabu, niliona mkono wa baba ukishika mkono wa Nicanor na kuufinya. Nikajua anaomba aachiliwe. Jambo hilo sikumwambia mtu, na Jumatatu shuleni watoto walipobebana wakipiga kelele jina la baba, nilikaa darasani mpaka mapumziko yakaisha.

Mimi si mshamba wa mieleka. Najua mshindi hupangwa kabla ya watu kuingia, kama vile bibi harusi hujulikana kabla ya siku ya kanisa. Thika nzima inajua hivyo pia. Lakini muulize mtu yeyote, atakuambia mechi zingine zote zilikuwa mchezo ila ile ya Spana ilikuwa ya ukweli, kwa maana hakuna anayeweza kuigiza kumbeba mtu mzito hivyo. Hapo ndipo nyongo hunipanda. Kwangu mimi ilipangwa kama zingine. Baba aliambiwa aanguke akaanguka, na mwenzake akapata sifa ya bure ya maisha.

Basi mwaka huu vijana fulani wa Kahawa Wendani wenye chaneli yao mtandaoni wakaifufua video ya mechi ile. Waliipunguza kasi wakaonyesha kwamba miguu ya Tingatinga iliacha ardhi kabla Spana hajanyoosha mgongo. Wakauliza watu: je, ushindi huu unastahili sifa yake, au Thika ilidanganywa? Mabishano yakaanza. Yalifika mpaka saluni kwangu Ruiru, wanawake wakibishana na vichwa vimejaa povu. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Halafu Mutheu, tunayefanya kazi pamoja, akanionyesha simu yake. Palikuwa na bango. Mpangaji wa mieleka, mtu mmoja anayeitwa Owino ambaye pua yake hunusa umati toka mbali, alikuwa ametangaza mechi: Spana na Tingatinga, mara ya mwisho, Jumamosi, Ruiru. Njoo uamue mwenyewe. Na picha ya baba ilikuwa hapo, akiwa kijana, shingo nene kama shina la mti.

Shingo ile haipo tena. Mwaka jana baba alikuwa akipakia ndama kwenye pikapu kule kwake Gatuanyaga, ndama akamvuta, akaanguka kichwa kikitangulia. Daktari alituonyesha picha, mimi na yeye, akasema kuna mfupa umesogea karibu na mshipa, na akianguka vibaya tena huenda asitembee. Alimkataza hata kubeba mtungi wa maji. Akampa ukosi mgumu wa kufunga shingoni. Kwa hiyo nilipoona bango lile nilimsahau mteja chini ya mashine ya kukausha nywele mpaka yeye mwenyewe akaniita kwa uchungu.

Nilimpigia baba. Alisema alikuwa akitaka kuniambia. Nilimuuliza kama amerukwa na akili, akajibu kwamba mtandao ni mbaya, na hiyo ndiyo njia yake ya kumaliza mazungumzo tangu simu ziingie Gatuanyaga.

Usiku huo sikulala vizuri. Kila nilipofumba macho nilimwona amelala chali na macho wazi. Asubuhi nikamwachia Mutheu funguo, nikaenda Landless kumtafuta Nicanor, nimejaa maneno.

Sikumpata. Nilimpata mkewe, Nafuna, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mourine, ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Aliponitambua alisimama, akaifuta stuli kwa leso, akanikaribisha kwa heshima ambayo sikuwa nimejiandaa kuipokea. Aliniambia mumewe ametoka kutembea. Tangu video ile haketi tena na wenzake pale kwa duka. Vijana ambao jana walikuwa wakimwita bingwa sasa wanamwinulia kiti cha plastiki na kumwambia, mzee, beba hii tuone. Kiwanda kilimwachisha kazi zamani. Hakuwa na kitu kingine ambacho watu walimsalimia kwacho.

Kisha akasema alikuwa akitaka kuja kuniona, kwa sababu anaogopa.

Nilidhani anamwogopea baba yangu, roho ikaanza kunilainika. Kumbe sivyo. Nicanor goti limeisha, aliniambia. Ngazi anapanda kwa ubavu. Na baba yangu amechekwa miaka hii yote kwa msemo ule. "Sasa amepewa nafasi," alisema. "Mimi ningekuwa yeye, ningemvunja. Nakuomba, mama, uongee na yeye."

Nikacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. Tulikuwa wawili, kila mmoja usiku anamwona mtu wake amevunjika mikononi mwa mtu wa mwenzake.

Nicanor akaingia akichechemea, kofia mkononi. Amekonda. Maneno yote niliyotoka nayo Ruiru yakapungua, yakabaki machache tu.

"Usimbebe baba yangu," nikamwambia.

"Warigia, mimi siwezi beba mtu," akasema. "Hata hiyo siku sikuweza."

Nilimwambia afafanue. Akatikisa kichwa. Kwa wanamieleka wa zamani kuna sheria moja, alisema: mechi husimuliwa na aliyeshindwa. Mshindi ameshapewa kelele za watu, kwa hiyo maneno ni ya mwenzake. Akinyamaza, mshindi naye anyamaze. Nilimshinikiza, nikapandisha sauti mpaka majirani wakachungulia, lakini mzee yule alibaki anazungusha kofia yake tu. Niende nikamuulize baba.

Nilifika Gatuanyaga Ijumaa mchana, nimejaa vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Baba alikuwa akifunga mbuzi. Ukosi wa shingo ulikuwa umetundikwa juu ya nguzo ya boma, na kuku amesimama karibu akiutazama. Nilimvalisha kwa nguvu, naye akasimama ametulia. Mimi nina jina la mama yake, na hata akikasirika huniita maitu, yaani mama yangu, kwa hiyo hajawahi kujua namna ya kunifokea.

Tuliketi kwenye kivuli cha stoo na nikamuuliza waziwazi kilichotokea siku ile.

"Mimi ndio nilikuwa nishinde," akasema.

Ndivyo Owino, aliyekuwa mpangaji hata wakati huo, alivyopanga. Tingatinga ashinde, kama kawaida, na Spana apigwe kidogo arudi kiwandani. Lakini watu wa Landless walikuwa wamekuja kwa miguu, wengi mno, na wiki hiyo kiwanda kilikuwa kimetangaza kufuta watu kazi. Waliimba jina la Nicanor toka mwanzo bila kunyamaza. Baba alinisimulia hayo akitazama chini, kama mtu anayekumbuka harufu ya chakula. Katikati ya mechi, wakiwa wameshikana, alimnong'oneza Nicanor: nibebe. Nicanor akasema hawezi, watauawa na Owino, na zaidi ya hapo uzito ule hawezi. Baba akamwambia asimame imara tu na anyooshe mikono, yeye ataruka. Akaruka. Wale vijana wa Kahawa Wendani waliona vizuri kabisa. Shida ni kwamba walidhani wamefichua udanganyifu wa Spana, na hawakujua walichokuwa wakitazama ni kazi ya baba yangu.

Shuleni tulifundishwa kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Hakuna aliyeniambia kwamba wakati mwingine anayeunda ni yule yule anayezama.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ungewasikia wewe." Nikamkumbusha kwamba nilikuwepo, nimeketi mbele. "Ulikuwa unaniangalia mimi," akasema. "Hukuwa unawasikia."

Basi nikamwambia kuhusu mkono. Nilimwambia nilimwona akiufinya mkono wa Nicanor, na kwamba tangu darasa la sita nimeishi nikijua baba yangu aliomba huruma mbele ya watu. Sikuwa nimepanga kulia lakini nililia. Baba akachukua mkono wangu kwenye ule wake mkubwa na kuufinya mara moja.

"Moja ni niko sawa," akasema. "Mbili ni nimeumia, maliza haraka. Lazima umwambie mwenzako, maana hamwezi kuongea watu wakiangalia."

Nilikasirika upya, safari hii kwa sababu nyingine. Nilimtaka aseme. Nilimtaka aende kwenye ile chaneli ya vijana awaambie ushindi ule ni wake, kila kipande chake. Alikataa. Alisema akisema utakuwa wake, na Nicanor atabaki na nini. Nicanor ndiye aliyekuja Gatuanyaga mwenyewe kumwomba mechi hii, akasimama pale pale langoni, na ilimchukua muda mrefu kulitoa neno.

Nikataja shingo. Nikamtaja daktari. Nikataja kiti cha magurudumu, nikamuuliza nani atakisukuma kwenye vumbi hili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ataanguka kwa mgongo, shingo ameikunja, kidevu kifuani, kama alivyoanguka maisha yake yote. Aliongeza kitu kimoja, kwamba mechi ikiisha nisikimbilie ulingoni. Aliyeshindwa hulala mpaka mshindi atoke, ili kelele zisigawanywe. Akiinuka mapema anamwibia mwenzake. Mtu wa mieleka anayeheshimu kazi yake hainuki.

Niliondoka bila kumpa baraka zangu, na bila kumkataza. Huo mchanganyiko simtakii mtu.

Jumamosi ukumbi wa Ruiru ulijaa mpaka watu wakasimama juu ya viti. Vijana wa chaneli walikuwa pembeni na kamera mbili. Mimi na Nafuna tuliketi pamoja mbele, hatukuwa tumepanga, tulitafutana tu kwa macho. Baba aliuvua ukosi nyuma ya pazia na kunipa niushike, nao ulikuwa bado na joto lake. Tangu asubuhi sikuwa nimeweza kumeza hata chai.

Walipoanza, watu walicheka. Wazee wawili wakizungukana, mmoja anachechemea na mwingine hageuzi kichwa bila kugeuza mabega. Kila baba aliposukumwa kwenye kamba nilikuwa nikihesabu mifupa ya shingo yake ndani ya moyo wangu. Nafuna alikuwa amefumba macho akisali kwa Kibukusu. Mtu nyuma yetu akapaza sauti kwamba hata nyanyake angewashinda wote wawili, na ukumbi ukaangua kicheko kingine.

Kisha wakashikana katikati, na nikaona midomo ya baba ikisogea karibu na sikio la Nicanor. Nikajua ni sasa. Baba akainama, Nicanor akampitishia mikono, na baba akaruka.

Goti la Nicanor likakataa.

Walianguka kwa ubavu, vibaya. Nicanor alibaki chini amelishika goti, uso umekunjamana. Ukumbi ukaanza kuzomea. Uongo, uongo, walisema kwa pamoja, wakipiga viti. Vijana wa kamera walikuwa wakitabasamu. Lakini baba alikuwa amepiga magoti, mzima, shingo yake mahali pake, na mbele yake mtu asiyeweza kuinuka. Alichohitaji ni kumlalia tu.

Watu nao wakaliona hilo. Mmoja akaanza, wengine wakamfuata, na muda si muda ukumbi wote ulikuwa ukiita Tingatinga. Tangu darasa la sita sikuwa nimewahi kusikia jina hilo likiitwa kwa furaha. Nilisimama. Niliutaka ushindi ule upesi, niliutaka kuliko nilivyoiogopea shingo yake, na mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kuita pamoja nao. Nafuna alinishika nguo lakini sikugeuka.

Baba aliwatazama watu wale. Kisha akamtazama Nicanor. Akainama, akamshika kiunoni kama anayetaka kumnyanyua ambwage, akajikaza, akasimama naye mikononi. Halafu miguu yake ikafanya kitu kidogo, hatua moja ya nyuma ambayo ungedhani ni Nicanor amempiga ngwara, na akajitupa chali mwenyewe na uzito wa mwenzake wote juu ya kifua chake. Mbao za ulingo zilipiga mshindo nikausikia kwenye meno. Refa akapiga magoti. Baba alirusha miguu kama anayepigania kutoka, na kutoka tulipokuwa tuliona mkono wake mmoja, mgongoni kwa Nicanor, umemshikilia ili asidondoke.

Moja. Mbili. Tatu.

Sijui kelele zile nizieleze vipi. Wale wale waliokuwa wakizomea walikuwa wamekumbatiana. Walimbeba Nicanor mabegani, goti lake limening'inia, naye alikuwa akilia wazi kama mtoto, na Nafuna alikuwa akimkimbilia na leso imeanguka. Vijana wa chaneli wakawafuata wote na kamera zao. Mtu aliyekuwa nyuma yangu akanipiga bega kwa furaha. "Si nilikuambia," akasema, ingawa hakuwa ameniambia chochote. "Hata Tingatinga alibebwa."

Baba alikuwa amelala.

Nilijikumbusha sheria. Aliyeshindwa hainuki. Nilitazama kifua chake lakini taa zilikuwa zikiniumiza macho na sikuweza kuona kama kinapanda. Alikuwa ameniambia kwamba atalala. Hakuniambia nitatofautisha vipi mtu aliyelala kwa heshima ya kazi na mtu ambaye hawezi kuinuka. Nicanor alikuwa bado hajafika mlangoni, watu wakimzungusha ukumbini, na kila mzunguko niliuona mrefu kama mwaka. Refa alikuwa ameshashuka ulingoni na kuwafuata. Hakuna aliyemtazama baba. Ni mimi tu, na ukosi mkononi.

Nilitembea, sikukimbia. Nilichuchumaa kando ya ulingo, nikapitisha mkono chini ya kamba ya mwisho, nikaushika mkono wake. Ulikuwa umelowa jasho, mzito, na umelegea. Nikamwita kwa sauti ndogo. Hakufungua macho.

Akanifinya mara moja.

Nikangoja ya pili. Nilingoja huku kelele zikizunguka ukumbini, zikapita mlangoni, zikatoka nje kwenye barabara, na vidole vyake vilikuwa vimetulia ndani ya vyangu. Ya pili haikuja.

"Wameenda?" akauliza, midomo haisogei.

Nikamwambia bado wachache, alale kidogo.